Umbo Bubu

Programu ninayotumia kuchorea majengo ina maswali mawili tu kuhusu paa: kuta zimezunguka wapi, na kila upande unateremka kwa nyuzi ngapi. Unachora mstari kufuata kuta, unaupa kila mstari mteremko wake, na Revit inapandisha paa lenyewe, limenyooka kila mahali, migongo na mabonde yamekutana sawasawa. Kwa nyumba nyingi zinazojengwa Tanzania leo, maswali hayo yanatosha. Panda basi Uyole, teremka Tukuyu mpaka Kasumulu, mpakani na Malawi, uhesabu mapaa ya bati njiani. Karibu yote yanachorwa kwa dakika kumi: pembe nne, kenchi, papi, bati la migongo mipana, kofia juu. Silidharau paa hilo. Kyela ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi sana nchini, na bati limewapa watu wengi usingizi mkavu.

Yapo mapaa yasiyojibu maswali hayo mawili. Kwa hayo kuna njia ya pembeni: unalitengeneza umbo kwenye programu nyingine, unaliingiza kama umbo tu, lisilo ukuta wala paa wala kitu chochote, halafu unaigusa ngozi yake ya juu na kuamuru, hili liwe paa. Ndipo linapata unene, tabaka za vifaa na nafasi kwenye orodha ya gharama. Wasanifu wakubwa huitumia njia hiyo kwa viwanja vya ndege na kumbi za mikutano. Mimi niliitumia kwa jiko la nyasi.

Jiko lenyewe lilikuwa kwenye kiwanja cha ukoo, hatua chache kutoka barabara iendayo mpakani, pale ambapo malori hupanga foleni na vijana hutembea na mabunda ya kwacha na shilingi wakiita wateja. Lilijengwa na Babu Mdogo, mdogo wake babu yangu mzaa mama. Lilikuwa la duara, mita 4.2 kutoka ukuta hadi ukuta, kuta za mianzi zikiinama kidogo kwenda nje, paa la nyasi likiwa limeshuka chini kiasi kwamba mtoto angeweza kuligusa. Bibi alipika humo maisha yake yote ya ndoa. Usiku wa Desemba 2009, tetemeko lilipoipiga Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na ardhi ya kwetu ikatikisika nayo, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nyumba ya matofali ilipata ufa mrefu sebuleni. Tulihamia jikoni na magodoro, tukalala humo siku nyingi, kwa sababu kila ardhi ilipotikisika tena, mianzi ililia tu kama kikapu kinachobebwa.

Mwaka jana Mjomba aliamua kujenga nyumba ya wageni kwenye kiwanja hicho. Ni wazo zuri, madereva wanaosubiri kuvuka wanahitaji kulala mahali. Aliniomba nichore ramani. Jiko lilikuwa katikati ya kiwanja, na lilitakiwa liondoke kabla ya mwezi wa tatu, mvua haijachanganya. Nikasema sawa, ila kwanza nilipime.

Sababu ya kulipima ilikuwa mkono wa Babu Mdogo. Ana miaka zaidi ya themanini, na kiharusi kimemwachia mkono wa kuume ukining'inia. Hafungi tena kamba. Hapindi tena mwanzi. Katika ukoo wetu hakuna mwingine anayejua kujenga vile, na kwa majirani niliwatafuta nikapata wawili wanaojua kuezeka nyasi tu, si kusuka mianzi.

Zamani watu hawa wasingekuwa wa kutafutwa. Mskoti Joseph Thomson alipofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879 alishangazwa na unadhifu wa vijiji na nyumba za mianzi za huku. Miaka ya 1930, Monica Wilson na mumewe Godfrey walikuja kufanya utafiti Unyakyusa, na katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, Monica alieleza jinsi wavulana wa rika moja, wakiwa na miaka kumi au zaidi kidogo, walivyokuwa wakitoka kwa wazazi wao na kuanzisha kijiji chao wenyewe. Chakula walirudi kula kwa mama zao, lakini vibanda walijenga wao. Nilipokisoma kitabu hicho chuoni nilivutiwa na mambo ya urafiki na ujirani. Nilipokuja kukaa na Babu Mdogo niliona jambo jingine humo: hiyo ilikuwa shule ya ujenzi. Kila mwanamume alikuwa ameshajenga kibanda kibaya akiwa mtoto, akakiona kikivuja, akajenga cha pili.

"Cha kwangu cha kwanza kilianguka," Babu Mdogo aliniambia. "Tulicheka wiki nzima."

Nilipiga picha 312 kwa simu, nikilizunguka jiko kwa miduara mitatu, nikiwa nimesimika ufito wa mita moja mlangoni ili kompyuta ijue vipimo. Programu ya kuunganisha picha ikanirudishia jiko zima kwenye skrini, na moshi wake mweusi kwenye nyasi, na kuku mmoja aliyekosa kichwa kwa sababu hakutulia. Nilimwonyesha Bibi. Akaniuliza kwa nini nimepiga picha kabla hajafagia.

Kuliingiza kwenye Revit ndiyo ilikuwa kazi. Kwanza halikuonekana kabisa. Picha za simu hubeba alama za mahali zilipopigiwa, na programu ile ilikuwa imezigeuza kuwa vipimo vya ramani, ambavyo kwa sisi wa kusini mwa ikweta huhesabiwa kwa namna ya ajabu kidogo: ikweta imepewa namba milioni kumi, na tunapunguza kadiri tunavyoshuka kusini, ili tusipate namba hasi. Kwa hesabu hiyo jiko la Bibi limekaa zaidi ya mita milioni 8.9 kutoka sifuri. Revit inataka majengo yakae ndani ya kilomita 16 kutoka kitovu chake cha ndani. Ukizidi hapo mistari huanza kutetemeka na nyuso kugoma kuungana. Nikalisogeza jiko mpaka kitovuni. (Mto Songwe wenyewe, ambao ndio mpaka, huhama mkondo kila baada ya mafuriko makubwa, na nchi mbili hukaa vikao juu ya hilo. Kompyuta haina subira ya namna hiyo.)

Baada ya hapo lilionekana, lakini programu ilikataa kulifanya paa. Nilichokuwa nacho ni wavu: pembetatu ndogo karibu laki mbili zilizoshonwa pamoja. Kwa jicho ni paa. Kwa programu ni vipande laki mbili visivyojuana, na amri ya kutengeneza paa kutokana na uso haikubali wavu, inataka uso hasa, unaoelezwa kwa hesabu kutoka ukingo hadi ukingo. Rafiki niliyesoma naye alinishauri nipitie SketchUp. Nikapitia, mviringo ukaingia umekatwakatwa kuwa nyuso bapa, kila moja ikitaka kuwa paa lake peke yake. Ningepata mapaa 96 juu ya jiko moja.

Njia iliyofanya kazi ni ndefu. Katika Rhino nilikata ule wavu kwa mlalo, kama mtu anavyokata kitunguu, kila sentimita 30 kutoka ukingo wa chini hadi kileleni. Nikapata miduara 13. Juu ya miduara hiyo nikavuta ngozi moja laini, nikaihifadhi kama faili la SAT, nikaiingiza Revit. Ukieleza hivyo inasikika rahisi. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya miduara 13 uliokuwa duara. Mmoja ulivimba upande wa ziwani, mwingine ulibonyea upande wa mwembe, wa chini kabisa ulipanda juu ya mlango kama nyusi iliyoinuliwa, na karibu na kilele palikuwa na kitu kama shingo. Ngozi laini inavutwa juu ya pointi ulizochagua wewe. Ukichagua nyingi, unahifadhi kila mbonyeo, pamoja na wa panya. Ukichagua chache, unapata kofia safi ya plastiki ambayo ingeweza kuwa ya hoteli ya kitalii popote duniani. Wavu ulikuwa umeniruhusu kubeba vyote bila kuelewa chochote. Uso ulitaka nijue lipi ni paa na lipi ni uzee.

Mimi sikuwa na namna ya kujua. Nikachapisha ile miduara kwenye duka la steshenari Kyela mjini, kila mmoja kwenye karatasi yake, nikarudi nayo Kasumulu.

Babu Mdogo hakupendezwa na karatasi. Aliuliza mlango uko wapi. Nilipomwonyesha aliigeuza ya kwanza mpaka mlango ukamwelekea yeye, akaweka kidole cha mkono wa kushoto upande wa mwembe.

"Huo ni ugonjwa," alisema. "Matone ya mti. Toa."

Uvimbe wa upande wa ziwani hakutaka utolewe. Mvua ya upepo inatoka huko, mwera unapovuma, na upande huo aliusimamisha zaidi ili maji yasipate muda wa kukaa. Nilipima baadaye kwenye kompyuta: nyuzi 52 upande huo, nyuzi 46 upande wa pili. Vitabu vyetu vya chuo vilisema paa la nyasi lisipungue nyuzi 45, na viliishia hapo, havikusema upepo unatoka wapi. Kuhusu ile nyusi juu ya mlango alinyamaza, Bibi ndiye aliyejibu kutoka kwenye mkeka wake. Ilikuwa kwa ajili yake. Alipokuwa anarudi kisimani na ndoo kichwani alikuwa akiinama na kumwaga maji, na mwaka wa pili wa ndoa yao Babu Mdogo akalifumua lile eneo na kulipandisha.

"Alichukua wiki mbili," Bibi alisema. "Nikapika nje kwenye jua."

Nikaandika pembeni mwa mduara wa kwanza: ndoo, sentimita 18.

Nadhani hapo ndipo nilipoacha kuliona jiko kama kitu cha kuhifadhi na kuanza kuliona kama ramani iliyokwisha kuchorwa na msanifu mwenzangu, ambaye hakutumia karatasi. Kila kipimo kilikuwa uamuzi. Nilirudi kwake mara nne. Kila aliporekebisha, nilirekebisha umbo, na kila mara ilinibidi nikumbuke tabia moja ya Revit: paa lililotengenezwa juu ya umbo halifuati umbo linapobadilika. Linabaki lilivyokuwa jana, likielea peke yake, mpaka uliamuru lirudi kwenye uso wake.

Kileleni kulitokea jambo nililolipenda kuliko yote. Nilipouchagua uso na kuupa unene wa nyasi, sentimita 28, programu iligoma. Kosa lenyewe linaeleweka: uso unapojikunja kwa nusu kipenyo kilicho kidogo kuliko unene unaoutaka, ngozi ya ndani haina pa kwenda, inajikata yenyewe. Nilijaribu kupunguza unene, nikajaribu kulainisha kilele, ikakubali, lakini sura ikawa ya uyoga. Nikamuuliza Babu Mdogo pale juu alifanyaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama viatu huvaliwa miguuni. Pale juu si paa, alisema. Paa linaishia shingoni, mianzi inakutana na kufungwa. Juu yake ni kilemba, fungu la nyasi linalofungwa peke yake chini, kisha linavalishwa, na hubadilishwa kila baada ya misimu michache bila kugusa mengine. Nikakata umbo langu shingoni, nikatengeneza vitu viwili badala ya kimoja. Revit haikulalamika tena.

Mjomba alifurahi alipoona picha kwenye skrini yangu, jiko likizunguka polepole na kivuli chake. Akaita na jirani. Kisha akasema neno ambalo lilinikalia vibaya: "Basi limo humo, mpwa wangu. Kesho naleta vijana walibomoe."

Alisema kwa nia njema. Aliona nimefanya kazi ya kuhifadhi na kazi imekwisha. Nikamweleza habari za Kasubi. Pale Kampala, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, kuna nyumba kubwa ya nyasi, Muzibu Azaala Mpanga, iliyojengwa mwaka 1882 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Taasisi ya CyArk iliipima kwa leza mwaka 2009. Machi 2010 ikaungua yote. Umbo lake lilikuwepo kwenye kompyuta kwa usahihi ambao simu yangu haitaufikia kamwe, na bado ilichukua zaidi ya miaka kumi kuijenga upya. UNESCO iliiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Kuezeka kule ni kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye, na zile pete 52 za ndani zinawakilisha koo 52 za Buganda. Leza inaweza kupima pete. Haiwezi kuambia mtu nyasi zinashikwaje, fundo linavutwa upande gani, wala lini mwanzi bado una maji ya kutosha kupindwa bila kupasuka. Faili langu lilikuwa bubu kwa mambo hayo hayo. Nilijua uso ulipo kila sentimita, na nisingeweza kulijenga hata banda la kuku.

Mjomba ni mfanyabiashara, na aliuliza swali la kifanyabiashara: kwa hiyo unataka nini? Nilitaka siku kumi badala ya moja, na vijana watano badala ya wawili, na jiko lifumuliwe kwa mpangilio, Babu Mdogo akiwa kwenye kiti. Na kwenye ramani nilikuwa nimekwisha kumchorea kitu nyuma ya nyumba ya wageni: kibanda cha mapumziko cha duara, mita 6, madereva wakae wale samaki na wali wa Kyela bila kuungua na bati. Nyumba ya wageni yenyewe ilibaki na paa la pembe nne, na Revit ililichora kwa dakika zake kumi.

Alipiga mahesabu. Mianzi ni rahisi, alisema, vijana ndio ghali. Akakubali siku saba.

Kuongeza ukubwa kutoka mita 4.2 hadi 6 kwenye kompyuta ni kuandika namba moja. Umbo linakua lote kwa pamoja, linapendeza vilevile. Babu Mdogo alipoambiwa alitikisa kichwa. Paa likikua hivyo eneo lake linakuwa mara mbili, na nyasi za unene uleule zinakuwa na uzito mara mbili, lakini mwanzi unabaki mwanzi, haukui kwa sababu umeuagiza. Yeye hakusema kwa maneno ya eneo na uzito. Alisema litakaa kama ng'ombe aliyelala. Akataka nguzo nne katikati na pete moja zaidi nusu ya njia. Niliziweka. Nilipohesabu urefu ambao kila mwanzi ungesimama bila kushikwa, ile pete ya ziada ilikuwa imeurudisha karibu na ule wa jiko la zamani.

Siku ya kufumua nilikuwa na daftari na simu ya kurekodi. Nilirekodi sauti zaidi ya picha. Kijana mmoja, binamu yangu aliyezoea kupiga mabati, alikuwa akicheka siku ya kwanza na kuuliza kwa nini tusipige misumari. Siku ya tatu alikuwa amekaa karibu na kiti cha Babu Mdogo kuliko wote, kwa sababu fundo la pete ya chini lilimshinda, na Babu Mdogo alikuwa akimwonyesha kwa kuuongoza mkono wake kwa mkono mmoja alionao. Fundo lile linahitaji mikono miwili. Walilifunga kwa mkono wa kushoto wa mzee na wa kuume wa kijana.

Kibanda kimefika pete ya nne sasa. Mianzi mipya ilikaa kijitoni wiki kadhaa ili wadudu wasiipende, ikatoka inanuka vibaya kiasi kwamba wateja wa duka la jirani walilalamika. Karatasi zangu zimebandikwa kwenye nguzo, mduara mmoja kwa kila pete, na binamu yangu huzisoma kwanza kisha humuuliza mzee kama ni kweli. Mara mbili amejibiwa si kweli. Mlango tumeuelekeza barabarani, na nyusi yake tumeipandisha sentimita 18, ingawa hakuna atakayeingia humo na ndoo kichwani. Mjomba ameuliza kwa nini, na Bibi amemjibu yeye mwenyewe.

Jana jioni, pete ya nne ilipofungwa, Babu Mdogo aliomba asogezwe chini ya paa, akaangalia juu muda mrefu. Paa hukaguliwa kutoka ndani, alishaniambia. Nilisubiri aseme kitu.

"Ufito wa tisa," alisema. "Umelegea."

Binamu yangu akapanda.